Mhindi, Mchina au Mjapani wa mnada: pikipiki ipi inakufaa?

Ukitaka kuvuruga kijiwe chochote cha bodaboda hapa Morogoro, huna haja ya kuleta siasa wala Simba na Yanga. Uliza tu: "Wakuu, nina hela ya pikipiki, nichukue ipi?" Halafu kaa pembeni usikilize. Mwenye Boxer atakwambia hakuna chombo kingine. Mwenye TVS atasema Boxer ni jina tu. Mwenye SanLG atacheka na kukuuliza kwa nini uongeze laki kadhaa wakati wote mnakula vumbi lile lile. Na hakosekani mzee mmoja aliyepaki Yamaha DT kuukuu chini ya mwembe, ambaye hatii neno mpaka wote wamalize, kisha anasema: "Zenu zote hizo za kuchezea."

Utani huo ni mtamu, ila kama ushauri una kasoro moja: kila mtu anatetea alichonunua, na anayetetea kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ndiye bado anakilipia. Niseme na upande wangu mapema ili usome kwa tahadhari. Mimi ni mtu wa DT. Harufu ya oili ya 2T, ile ya injini za mapigo mawili, asubuhi hainikeri hata kidogo, na najua kwa mke wangu na majirani ni tofauti.

Kwa kuwa maswali mengi huishia kwenye njia tatu, nitalinganisha hizo tatu. Ya kwanza ni Mhindi mpya wa dukani, yaani Bajaj Boxer au TVS HLX. Ya pili ni Mchina mpya wa dukani: SanLG, Kinglion, Fekon, T-Better na ndugu zao. Ya tatu ni Mjapani aliyetumika, hasa zile zilizotoka serikalini, misheni au kwenye miradi na kuuzwa kwa mnada: Yamaha DT125 na AG100, Honda XL125, Suzuki TF125. Za umeme nimeziacha makusudi. Kigali na Nairobi kuna vituo vya kubadilisha betri na mtu anaweza kuzifikiria kwa uzito. Kwa anayepanda Mgeta, huku milimani Uluguru, na kurudi, mazungumzo hayo bado hayajafika.

Tunapima kwa nini

Vigezo ni sita: bei pamoja na karatasi, injini yenyewe, spea na fundi, mafuta na oili, barabara na mzigo, na siku ya kuiuza. Mwendo wa juu sikuuweka. Pikipiki ya cc 125 ikifika 90 kwa saa imejitahidi, na kwenye makazi ya watu sheria inakutaka 50. Anayechagua chombo cha kila siku kwa sababu kinafika 110 badala ya 100 ananunua stori ya kijiweni.

Uzito wa kila kigezo utaupanga mwenyewe. Kwangu spea na fundi vinatangulia vyote, na kwa mtu wa Dar anayekaa dakika 20 kutoka Kariakoo huenda hilo likawa la mwisho.

Bei na karatasi

Kwa bei ya dukani Mchina ndiye wa chini, Mhindi anafuata juu yake kwa laki kadhaa, na kati ya Boxer na TVS tofauti si ya kukukosesha usingizi. Kwa hao wawili karatasi ni nyepesi: unatoka dukani na risiti, usajili unafanyika TRA, unapata kadi yenye jina lako na namba ya MC. Hakikisha tu namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa kwenye kadi zinafanana na zilizogongwa kwenye chuma. Fanya hivyo hukohuko dukani, kabla hujawasha.

Mjapani wa mnada bei yake haitabiriki. Unaweza kuiokota kwa bei ya baiskeli nzuri kwa sababu siku hiyo wanunuzi walikuwa wachache, na unaweza kukuta watu wawili wanagombea AG100 moja mpaka bei inapita ya Mchina mpya. Zilikuwepo pia AG100 na DT125 mpya kabisa zilizouzwa kwa mashirika, lakini bei yake ilimkimbiza mtu binafsi.

Kwenye karatasi ndipo wengi wanapoumia na Mjapani. Chombo kilichokuwa na namba ya STK (ya serikali) au DFP (ya mradi wa wafadhili) lazima kihamishwe kiwe cha mtu binafsi, na kwa hilo unahitaji hati ya mnada yenyewe, siyo maneno ya mtu aliyenunua kwa aliyenunua. Ukiinunua mkononi, dai mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, na kabla ya kulipa ingiza namba yake kwenye mfumo wa TMS wa polisi uone kama ina faini. Muuzaji akianza kusema "hizo ni taratibu tu, tutamaliza baadaye", mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Injini

Watu wa kijiweni wangenyamaza kidogo kama wangejua jinsi hawa watatu walivyo ukoo mmoja. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa kuchelewa na fundi ana spana tatu. Badala ya kuweka kamu, yaani mhimili unaofungua valvu, juu na cheni ya taimingi, waliiweka chini, wakatumia fimbo mbili kusukuma valvu. Viwanda vya China, vingi vikiwa Chongqing, vikaichukua injini hiyo na kuizalisha bila kuchoka. SanLG yako ina damu hiyo, na ndiyo maana ukisimama karibu nayo unasikia tapeti zikigonga kwa juu. Boxer kwa upande wake ilizaliwa kwenye ushirika wa zamani wa Bajaj na Kawasaki, na TVS walifanya kazi pamoja na Suzuki hadi 2001. Kwa hiyo mzee wa chini ya mwembe ana hoja: babu wa wote ni Mjapani.

Lakini wajukuu hawakulelewa sawa. Mhindi amekuja na kamu ya juu na cheni ya taimingi, anazunguka kwa ulaini zaidi na mtikisiko wake kwenye mikono ni mdogo. Boxer ya 150 ina cc 144.8 na kinachosifiwa na wanaoifahamu ni mvuto wake wa chini: unaweza kuibeba gia ya tatu mwendo mdogo na abiria nyuma bila injini kulalamika. TVS ni nyepesi zaidi mkononi kwa wengi, na wanaozunguka mjini siku nzima huitaja kwa hilo. Ugomvi wa Boxer na TVS, kwa maoni yangu, ni wa ladha. Zipande zote mbili, mgongo wako utachagua.

Mchina anavumilia mno. Kipenyo cha pistoni ya CG ya 125 ni milimita 56.5, ya 150 ni 62, na mwendo wa pistoni ni uleule wa 49.5. Maana yake nusu ya chini ya injini hizo inafanana sana, na ndiyo sababu utakuta mtu kachosha silinda ya 125 akarudi na ya 150. Udhaifu wake hauko kwenye ramani ya injini. Uko kwenye chuma na umaliziaji: bolti zinazolegea miezi ya mwanzo, bushi za nyuma zinazochoka mapema, waya zinazopita sehemu zinakosuguliwa, rangi inayopauka. Ukinunua Mchina, wiki ya kwanza pitia kila bolti kwa spana. Tapeti zake pia zinataka kuangaliwa kwa fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi), karibu milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na siyo kukazwa mpaka kelele iishe. Fundi anayekaza mpaka kukawa kimya kabisa amekuuzia valvu iliyoungua. Haojue nitamtenga kidogo na wenzake: amekua akishirikiana na Suzuki na umaliziaji wake unaonekana, na bei yake pia inaonyesha.

Mjapani wa mnada ni wa aina mbili, usichanganye. Honda XL125 ni injini ya mapigo manne, oili iko chini kama ya Mhindi. Yamaha DT125, AG100 na Suzuki TF125 ni mapigo mawili: hazina valvu za kwenye hedi wala kamu, oili inachanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Kwenye Yamaha hizo kuna tangi dogo la oili na pampu inayoisukuma yenyewe, hivyo huchanganyi kwa mkono. Uzuri wake ni urahisi: ukifungua hedi na silinda, umeona karibu kila kinachochoka. Ubaya wake ni kwamba tangi lile dogo likikauka, pistoni inakamata, na haikupi onyo la kutosha. Kwa hiyo unapokagua moja mnadani, anza hapo. Kama tangi la oili ni kavu au bomba lake limefungwa kwa waya, uliza kwa nini. Wapo wanaoifungia pampu na kuchanganya oili kwa kukadiria, na injini ya namna hiyo hujui imepita kwenye nini. Kisha toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni habari njema. Nyeupe kama chokaa ina maana imekuwa ikichemka. Nyeusi iliyolowa ni oili nyingi au petroli nyingi kupita kiasi. Piga kiki kwa mkono taratibu: inatakiwa ikukatalie. Ikishuka laini kama pedali ya cherehani, weka bajeti ya silinda kwenye hesabu yako.

Spea na fundi

Unaponunua pikipiki umenunua pia mafundi wa mtaa wako na maduka yake. Kabla hujatoa hela, nenda kwenye duka la spea unakoishi, siyo la mjini, uliza bei ya vitu vitano: klachi pleti, CDI (kifaa kinachoipa plagi cheche), seti ya cheni na sproketi, kebo ya klachi, na silinda na pistoni yake. Muuzaji akizitoa rafuni moja baada ya nyingine, umepata jibu. Akisema "njoo keshokutwa", nalo ni jibu.

Mchina anashinda kwa upatikanaji wa vijijini. Spea za ukoo wa CG zinaingiliana, kwa hiyo hata duka linalouza sabuni na vocha Matombo linaweza kuwa na kebo au plagi itakayokufaa. Mhindi anashinda kwa mpangilio: wana mawakala, spea orijino zina sehemu yake maalumu, na mafundi wengi wamezizoea kiasi kwamba injini ya Boxer wanaifungua wakipiga stori. Shida ya Mhindi ni kwamba umaarufu umevuta spea feki. Boksi linafanana, nembo inafanana, bei ni nusu, na klachi pleti zake zinateleza kabla ya mwezi kuisha. Nunua mahali watakapokuandikia risiti yenye jina la duka.

Mjapani ni habari nyingine. Spea orijino zipo, ila mara nyingi ni za kuagiza Dar, na bei ya pistoni moja na ringi zake inaweza kukufanya ukae chini. Fundi naye ni wa kutafuta. Kijana aliyejifunzia kwenye Boxer akifungua DT anatafuta valvu. Unamhitaji yule mzee aliyekuwa akihudumia pikipiki za halmashauri au za mapadri, ana umri wa kustaafu, na ukimpata usimpoteze. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba vitu vingi kwenye Mjapani haviharibiki. AG100 ina kifuniko kamili cha cheni, na cheni iliyofichwa mchanga na tope hudumu mpaka mwenyewe unasahau mara ya mwisho uliinunua lini.

Mafuta na oili

Kifupi: Mhindi na Mchina wa 125, ukienda kistaarabu, wanakupa kilomita 40 hadi 50 kwa lita, Mhindi akielekea juu na Mchina akielekea chini. XL125 haiko mbali nao. Za mapigo mawili zinakunywa: 25 hadi 30 kwa lita ni kawaida kwa DT, na juu yake unaongeza oili ya 2T. Ukifanya biashara ya abiria, tofauti hiyo peke yake imeshamaliza mjadala.

Oili ya mapigo manne isome chupa. Tafuta maandishi JASO MA. Klachi ya pikipiki inalowa kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zimewekewa vilainisho vinavyofanya pleti ziteleze. Nimewasikia watu wakilaumu klachi za Mchina miaka nenda rudi, kumbe kila wakimwaga oili wanaweka ya gari kwa sababu imebaki nyumbani. Kwa za mapigo mawili, tafuta JASO FC au FD.

Barabara na mzigo

Morogoro ni mahali pazuri pa kupimia hili kwa sababu tuna kila kitu. Tuna lami ya kwenda Iringa inayokatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, tuna mlima Kitonga mbele yake, na tuna Uluguru hapa nyuma ya nyumba, ambako vijana wanateremsha matenga ya nyanya na viroba vya karoti kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Kwenye lami Mhindi ametulia kuliko wote. Anashika mwendo wa 70 bila kukutikisa, siti ni ndefu, na abiria wako hatakusimanga mkifika. Mchina anafika pia, ila baada ya saa mbili vidole vinawasha kwa mtikisiko. Mjapani wa mapigo mawili kwenye lami ndefu ni adhabu: gurudumu la mbele ni kubwa na jembamba, la inchi 21 kwenye DT, matairi ya meno yanavuma, na injini inapenda kupanda na kushuka, haipendi kusimama kwenye mwendo mmoja saa nzima.

Taa nazo zizingatie. Mhindi na Mchina wote ni volti 12. Mjapani nyingi za zamani ni volti 6, na taa yake usiku ni ya kuonyesha kwamba upo, siyo ya kuona. Mikumi jioni wanyama wanavuka barabara, na pundamilia hana rangi ya kung'aa kama unavyodhani. Kwa volti 6 panga kupita pale jua likiwa bado juu.

Kitonga ndipo ninapotaka mtu wa DT mwenzangu asome vizuri. Kupanda hakuna shida kwa yeyote kati ya hawa. Malori yenyewe yanatambaa, na 125 yoyote itapanda gia ya pili au ya tatu. Kazi iko kushuka. Mhindi na Mchina wa mapigo manne unawawekea gia ndogo, injini inashika, breki za dramu zinapumzika. Injini ya mapigo mawili inashika kidogo sana, kwa hiyo unajikuta unategemea breki muda wote, na dramu zikichemka zinalegea. Na lipo jingine ambalo wengi hawalijui: pampu ya oili ya Yamaha inafuata mzunguko wa injini pamoja na mkono wako wa mafuta. Ukiachia mafuta kabisa kwenye mteremko mrefu, injini inazunguka kwa kasi huku ikipewa oili kiduchu. Ndiyo maana wazee ukiwafuata nyuma utawasikia wakivuta mafuta kidogo kila baada ya muda, vum, halafu kimya, kisha vum. Wanaipa oili.

Ukiacha lami na kupanda Mgeta, ngazi inapinduka. Hapo Mjapani ndiye mwenye nyumba. Tumbo lake liko juu ya mawe, shokapu zinasafiri, gurudumu kubwa linapita juu ya mizizi ambayo Boxer inagonga. AG100 ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji: ina stendi za pembeni kulia na kushoto ili uisimamishe upande wowote wa mlima, na kitasa kidogo cha kufungia klachi ukitaka kushuka kufungua geti injini ikiwa inawaka. Cc zake ni 97 tu, na zinatosha.

Kwa mzigo wa kweli, lakini, nitawavua kofia Wachina. Chesisi ya Mchina wa 150 yenye keria iliyochomelewa vizuri inabeba magunia ambayo DT itakataa, kwa sababu nyuma ya DT ni laini na siti iko juu, ukiweka mzigo chombo kinainua pua. Boxer ziko kati: zinabeba vizuri, ziko chini, mtu mfupi anaweka miguu yote miwili chini. Kwenye tope wakati umebeba tenga mbili, miguu kufika chini ina thamani kuliko shokapu ya kitajiri.

Mishikaki sitaipima. Siti ya abiria ni ya mtu mmoja, mwenye helmeti.

Siku ya kuiuza

Boxer inauzika kabla hujamaliza kuifuta vumbi, TVS inafuata karibu sana. Mchina akishapita mwaka thamani inadondoka, kwa kuwa mpya yake ni rahisi na kila mnunuzi anahisi ilikuwa ya mkataba na imechoshwa. Mjapani haina bei ya soko. Ina bei ya mtu. Unaweza kukaa nayo miezi bila kuulizwa, kisha akaja mkulima au mtafiti wa misitu mmoja anayeitaka hiyo hiyo, na hatabishana sana.

Inamfaa nani

Mhindi ni wa anayeamka asubuhi na kutaka iwake, iende, irudi, na mwaka wa tatu aiuze bila hasara kubwa. Mchina ni wa mwenye mtaji mdogo au mzigo mkubwa, anayeweza kushika spana mwenyewe na hachukii kukaza bolti Jumapili. Mjapani wa mnada ni wa anayeishi ambako barabara imeishia, au mpenzi wa pikipiki mwenye uvumilivu na fundi mzee. Akikosa kimoja kati ya hivyo viwili vya mwisho, atakuwa na pambo la uani.

Ukilinganisha na hali yako

Kama unaanza bodaboda mjini na hela ni yako mwenyewe, chukua Mhindi, na chagua kati ya Boxer na TVS kwa kuangalia wakala yupi yuko karibu na kijiwe chako. Kama hela haifiki, usikope kwa riba ili tu upate jina. Mchina mpya aliyekazwa bolti na kumwagwa oili kwa wakati atakulisha vizuri.

Kama unanunua ya kumpa kijana kwa mkataba, fikiria kwa jicho lake. Atakuwa analeta hesabu kila siku, na chombo kikikaa gereji siku mbili nyote mmepoteza. Hapo ulaji mdogo wa mafuta na spea za kila duka vina maana kuliko bei ya kununulia, na kwa sehemu nyingi hilo linamrudisha Mhindi mbele. Ila kama kijana yuko kijijini na fundi wa karibu anajua CG tu, mpe CG.

Kama wewe ni mwalimu, mhudumu wa afya au bwana shamba na kituo chako kiko juu mlimani, na kipindi cha masika ndicho kinachokupa presha, mtafute Mjapani, na ikiwezekana XL au AG kabla ya DT: XL kwa mafuta, AG kwa cheni iliyofichwa. Ukishindwa kuipata yenye karatasi safi, Mchina wa 150 mwenye matairi ya meno atakufikisha, polepole.

Kama unataka safari, Morogoro hadi Iringa na kurudi wikiendi, Boxer ya 150 au TVS ya 150 zinatosha kabisa, na hutahitaji kupumzisha mikono kila kilomita 60. Pita Mikumi mchana, weka cheni iwe na ulegevu wa sentimita 3 hivi, na beba kebo ya klachi ya akiba chini ya siti.

Na kama tayari unayo moja inayokufaa lakini kijiweni wanakucheka, pikipiki mpya haitawanyamazisha. Watahamia kwenye rangi yake.